Lindsay Keith Pengelly, Mpima Ngano wa Wirrapit, na Mechi ya Pointi Moja

Lindsay Keith Pengelly alifika duniani tarehe 11 Machi 1942, katika nyumba ya mbao nyuma ya kinu cha zamani hapa Wirrapit, akiwa mtoto wa tatu wa Bwana Keith na Bibi Ida Pengelly. Mkunga alisema mtoto ana mapafu makubwa. Majirani walilikumbuka neno hilo kila Jumamosi, kuanzia Aprili hadi Septemba, kwa miaka themanini iliyofuata.

Alisoma Shule ya Msingi ya Wirrapit kuanzia 1948 hadi 1954, kisha mwaka mmoja na nusu wa sekondari mjini Horsham, akaacha baba yake alipovunjika mguu. Elimu yake hakujivunia wala hakuionea haya. Aliweza kujumlisha magoli kichwani, sita sita, kama mpira wetu wa Australia, wa mikono na miguu, unavyohesabu goli, upesi kuliko mwalimu, na alichapwa mara mbili kwa kuandika matokeo ya mechi pembeni mwa daftari la dini. Aliichezea timu ya pili ya Wirrapit mechi kumi na moja, akafunga goli moja, mwaka 1961. Goli hilo lilisogea mbali kila alipolisimulia. Mpaka anafariki lilikuwa limefika mita sitini, upepo ukiwa wa mbele.

Mwaka 1960 aliajiriwa kwenye maghala ya ngano, na kwa miaka arobaini na miwili alikaa katika kibanda cha mizani ya malori mpaka alipostaafu mwaka 2002. Lori likipanda mizani hakumtazama dereva usoni, alitazama mshale. Mwaka 1977 alimrudisha shemeji yake mwenyewe apimwe upya, kwa kuwa mbwa alikuwa amelala juu ya ngano. Wakulima walisema mizani inaweza kukosea, lakini Lindsay hapana. Naomba mlishike neno hilo, maana tutalirudia.

Tarehe 18 Februari 1967 alifunga ndoa na Valda Jean Rowett. Valda, mama yangu, alikuwa ametaka Mei, joto likishapungua. Marehemu akamjibu, "Mei tunacheza na Dunmerrick." Hao ndio mahasimu wetu wa mji wa jirani. Basi wakaoana Februari, katika joto la nyuzi arobaini na moja, na ghorofa ya juu ya keki ikaegemea upande kama mlevi kabla ya hotuba kwisha. Walijaliwa watoto wawili, Colin mwaka 1969 na Janine mwaka 1971, ambaye ndiye mimi ninayewasomea. Alikuwa baba mpole. Hakutuchapa hata siku moja, na kila jioni alizunguka nyumba akijaribu milango yote, tabia ambayo nimeirithi na watoto wangu wananicheka kwayo.

Kuanzia 1968 aliegesha gari mahali pamoja tu uwanjani, karibu na nguzo za goli za kusini, pua ikitazama mchezo, na timu ikifunga goli alipiga honi pamoja na magari mengine yote. Nafasi ile haikuandikwa jina. Mgeni aliyeegesha pale aliombwa kwa upole asogee, na asiposogea aliombwa na Mama. Mwaka 1988 marehemu alitoa honi kwenye lori la ngano lililokuwa limekufa, akaifunga kwenye gari lake. Ilikuwa na sauti nzito. Ng'ombe wa ng'ambo ya barabara walikuwa wakiisikia wanainua vichwa.

Sasa nafika Jumamosi ya tarehe 24 Agosti 1991. Wengi mlioko hapa mlikuwepo siku hiyo, na ambao hawakuwepo wamesimuliwa mpaka wakachoka. Wirrapit tulikuwa na pointi 74 na Dunmerrick 69, zimebaki sekunde zisizofika thelathini. Tukishinda, tunaingia fainali. Beki wetu Trevor Noske alikuwa ameudaka mpira mbele ya nguzo za kusini, hana mtu wa kumsumbua. Kikasikika king'ora cha kumaliza mchezo. Trevor akauweka mpira chini, akainua mikono juu. Wachezaji wetu wakakumbatiana. Mshambuliaji wa Dunmerrick, ambaye masikio yake yalikuwa mazito tangu utotoni, hakusikia kitu. Aliuokota mpira, akapiga goli, pointi sita. Mwamuzi akalikubali, kwa sababu king'ora cha kweli kilikuwa hakijalia. Kililia sekunde kumi na tisa baadaye. Tukafungwa 75 kwa 74.

Jumatatu asubuhi kibanda cha mizani kilijaa watu wasio na chochote cha kupima. Yaliyosemwa nayajua vizuri, maana nilikuwa nimempelekea Baba chakula chake.

"Kosa la kocha," alisema Murray Gellatly, mkulima wa barabara ya mashariki. "Mtu wa mguu wa kushoto unamwekaje upande wa kulia?"

"We Murray, acha hizo," alisema Noelene, aliyekuwa akipika pai za nyama pale klabu. "Kocha ndiye aliyeuweka mpira chini? King'ora kililia. Nimekisikia niko jikoni."

"Wewe hata birika likichemka unasikia king'ora."

"Na pai zangu unazila, lakini."

"Labda ilikuwa treni," akasema mwingine.

"Jumamosi hakuna treni, ndugu yangu."

"Basi Dunmerrick wameleta king'ora chao. Wale watu nawajua, nimeoa kwao."

Baba alikuwa anafuta mizani ambayo ilikuwa safi. Wakamgeukia yeye, kwa kuwa alikuwa mtu wa vipimo. "Lindsay, wewe unasemaje?"

Akasema, bila kuinua macho, "Mchezaji anacheza mpaka mwamuzi apulize. Trevor alisimama kama yule askari wa mawe mbele ya posta."

Kibanda kizima kilicheka. Kufikia saa sita mchana Trevor Noske alikuwa anaitwa Sanamu, na jina hilo halijamtoka. Alipoanza kuendesha basi la shule, watoto walipanda wakisema, "Shikamoo, Bwana Sanamu," wakidhani ndilo jina la ukoo. Kadi za Krismasi zilimfikia zimeandikwa Familia ya Sanamu, na mtu wa posta hakuuliza.

Kamati ya ligi ilikaa kusikiliza malalamiko. Mama alikwenda kuapa kwamba alikisikia king'ora, tena karibu sana. Dakika za mwisho za mechi ngumu Mama huwa anajifunika blanketi asione, kwa hiyo masikio yake siku ile yalikuwa kazini kweli. Kamati ilimshukuru, ikaacha matokeo yalivyo.

Tangu siku ile timu yetu haikukaa sawa. Mwaka 1992 tulishinda mechi mbili. Mwaka 1993 tulishinda moja, na hiyo basi la wapinzani liliharibika njiani wakacheza pungufu. Kila tulipofungwa, kikao kilikaa kibandani, na baada ya kustaafu kikahamia karakana ya nyumbani kwetu. Sababu zilitafutwa kwenye ukame, kwenye vijana kuhamia Melbourne, kwenye mazoezi kutolewa Alhamisi kupelekwa Jumanne. Marehemu alisikiliza wote, kisha akahitimisha kwa neno moja, "Mabeki." Na kila alipolisema, kama Trevor yupo, Trevor aliinama akatazama kikombe chake.

Februari 2022 figo za marehemu zilishindwa, ikabidi aende Horsham mara tatu kwa wiki kusafishwa damu. Jumatatu na Ijumaa nilimpeleka mimi, polepole, kwa sababu ya kangaruu wanaokatiza barabara. Siku ya tatu ilitusumbua. Jioni moja Trevor Noske, ambaye alikuwa ameshastaafu basi, alikuja mlangoni kofia mkononi akasema, "Jumatano niachieni mimi. Barabara ile naijua hata nikiwa nimelala." Nilimwambia afadhali aijue akiwa macho. Alimpeleka na kumrudisha kila Jumatano kwa miaka miwili na miezi mitano, na hakukosa hata mara moja.

Siku moja nilipanda nao, nikakaa kiti cha nyuma. Walizungumza mpira njia nzima. Tulipopita njia panda ya Dunmerrick, Baba akajikohoza.

"Trevor."

"Naam, mzee."

Tukapita shamba zima kabla hajaendelea. "Yule mrefu wetu wa katikati. Hana urefu wa kutosha."

"Kweli, mzee. Mfupi kidogo."

Nilidhani ni mazungumzo tu. Sasa najua alikuwa amelijaribu jambo lenyewe kila Jumatano, na kila Jumatano liliishia kwa yule mrefu wa katikati.

Mwisho wa Julai mwaka huu alilazwa hospitalini. Jumamosi tarehe 27 timu yetu ilifungwa na Dunmerrick kwa pointi nne, na Jumapili mchana Murray, Noelene na Trevor walikuja kumtazama. Niliwaomba wasimchoshe. Walijitahidi kama dakika mbili hivi.

"Tumekwisha," alisema Murray. "Robo ya mwisho magoli mawili tu. Timu gani hii?"

"Upepo ulikuwa wao," alisema Noelene.

"Upepo umebadilika robo ya tatu, mama, ulikuwa unauza pai hukuona. Tatizo yule beki mtoto. Mpira unampita, yeye kasimama. Sanamu mtupu."

Kisha akakumbuka nani amekaa karibu naye. "Samahani, Trevor. Ni msemo tu."

"Nimezoea," alisema Trevor, akaanza kufunga kifuniko cha chupa ya chai ambacho kilikuwa kimeshafungwa.

Baba aligeuza uso ukutani. Walipoondoka akasema, "Janine, funga mlango."

"Unasikia baridi, Baba?"

"Sisikii baridi. Funga."

Nikafunga. Akasema, "Ile ilikuwa honi yangu."

Nilimwita muuguzi ampime joto. Halikuwa juu. Basi nikakaa, akanieleza yote. Siku ile, zimebaki zile sekunde thelathini, aliinama kumfunua Mama blanketi amwambie afungue macho, tumeshashinda. Kiwiko chake kikabonyeza usukani, honi ikalia mara moja, ndefu kama king'ora. Jumapili asubuhi, kabla ya ibada, aliing'oa honi ya lori akafunga ndogo, ile iliyokuwa ikilia kama mbuzi. Mama alipouliza, alisema betri. Alikusudia kusema ukweli Jumatatu kibandani. Lakini walipomgeukia wote, mdomo ukasema lile lingine, watu wakacheka, na baada ya hapo kila wiki iliyopita ilikuwa nzito kuliko iliyotangulia. "Nimepima malori miaka arobaini na miwili," alisema. "Hili sikuliweka kwenye mizani."

Nikamwambia amwite Trevor amwambie mwenyewe. Akasema atamwambia Jumatano, na akishindwa, nisome mimi siku ya maziko, kwa sauti, kwa sababu lile neno juu ya Trevor yeye alilisema mbele ya watu. Jumatano Trevor alikuja. Nilitoka nje niwaachie nafasi, nikabaki karibu na mlango.

"Trevor."

"Naam, mzee."

"Mpe pole yule beki mtoto. Mwambie Lindsay amesema halikuwa kosa lake."

"Nitamwambia, mzee."

Hapo ndipo alipofika. Lindsay Keith Pengelly alifariki Ijumaa tarehe 2 Agosti 2024, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na umri wa miaka themanini na miwili. Mama alikuwa amemshika mkono.

Nilipomweleza Mama habari ya honi aliikoroga chai mpaka ikapoa. Kisha akasema, "Niliapa mbele ya kamati." Halafu, "Alinifunua nione tunashinda, nikaona goli lao." Akaniambia nisome.

Lakini sikutaka Trevor alisikie jambo hili kwa mara ya kwanza mbele ya umati. Jumanne nilimpelekea karatasi hizi, zilivyokuwa mpaka hapa. Alizisoma akiwa amesimama getini, akaenda kuchukua miwani, akazisoma tena. Mimi nilikuwa nahesabu maua ya jirani.

"Kwa hiyo nilisikia," alisema.

"Ulisikia."

"Nilimwambia mwamuzi. Nilimwambia mke wangu. Mwaka 1992 nilikwenda Horsham kupimwa masikio, Janine. Wakasema ni masikio mazuri kuliko yote waliyopima mwezi ule. Nikarudi nimechanganyikiwa zaidi."

Nilimwambia kwamba familia inamwomba radhi, na kwamba akitaka nisisome, sitasoma. Alizikunja karatasi vizuri, akanirudishia. "Jumatano zote zile," alisema. "Na mimi najiuliza huyu mzee ana nini na yule mrefu wa katikati." Akacheka, halafu akajifuta macho kwa kofia. "Isome yote. Isome taratibu, Murray hasikii vizuri siku hizi." Alikuwa ameshanipa mgongo aliposema, "Honi yenyewe ipo?"

Ilikuwepo. Tuliikuta karakanani, imefungwa ndani ya jezi kuukuu, kwenye debe la shayiri. Trevor ameifunga kwenye gari lake, lile lililoegeshwa pale langoni pua ikitazama kaburi.

Marehemu ameacha mke, Valda. Watoto wawili, Colin na Janine. Wajukuu watatu, Brodie, Tegan na Lachlan. Dada yake Una. Na timu iliyoko nafasi ya nane kati ya tisa. Baada ya maziko kuna chai na pai klabuni. Zipo za kutosha, nimehesabu mara mbili. Wenye safari ndefu tunaomba waondoke kabla ya kangaruu kutoka.

Jeneza likishuka, Bwana Trevor Noske atapiga honi mara moja. Ikilia, tunaomba kila mtu asimame palepale alipo, asisogeze hata mguu, mpaka Trevor mwenyewe atakaposema tuendelee.

Baba apewe amani yake, na Trevor jina lake.