Mama Kimya, Fundi Aliyekataa Kufuta Albamu

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na sita kazini, fundi wetu mkuu wa sauti anastaafu. Wote tunamwita Mama Kimya, na jina hilo alilipata kihalali: akiinua kidole, hata mpiga ngoma hushika pumzi.

Alianza akikunja nyaya na kuwachemshia chai wanamuziki waliochelewa. Mwaka haukuisha kabla hajakalia kiti cha mitambo, na kumwondoa pale haikuwa kazi ndogo. Waliojaribu wanajijua.

Lakini huwezi kumtaja bila kutaja albamu ya yule mwimbaji wetu wa soul. Aliirekodi akiwa mjamzito, mama yake mzazi akimwitikia. Siku chache kabla haijatolewa, mama akafariki. Mwimbaji akaomba isitoke; hakuwa na moyo wa kuisikia sauti ile. Kampuni ikakubali, kanda zikafungiwa kabatini.

Miaka ikapita. Kanda tupu zikawa adimu, na meneja wa wakati ule akaagiza zile zifutwe, zitumike kurekodia matangazo ya sabuni. Mama Kimya akagoma. Akaonywa kwamba atamwaga unga. Akajibu kwa upole, "Mwenyewe hajaniambia nifute." Akahamishiwa chumba cha kunakili kaseti, akakaa huko bila kununa hadi meneja mpya alipomrudisha. Sisi tulinuna kwa niaba yake.

Kisha mwimbaji akaja na bintiye, yule aliyekuwa tumboni, sasa msichana mkubwa. Binti alitaka kumsikia bibi ambaye hakuwahi kumwona. Mama Kimya akaweka kanda. Katika wimbo wa tatu bibi akaitikia, na mwishoni akakohoa. Mwimbaji, aliyekuwa akilia, akaangua kicheko.

"Itoeni," akasema. "Na kikohozi cha mama msikiguse."

Ikatoka kwa kaseti, ikafuata sidii, na mwaka jana santuri. Kila toleo jipya, fundi mgeni hutaka kukisafisha kile kikohozi, na kila mara Mama Kimya humwondoa mkono mashineni taratibu. Kuanzia Julai, kazi hiyo ni yetu.

Anasema sasa atasikiliza muziki bila kutafuta kasoro. Tunamwombea, ingawa hatuamini.

Mama, asante kwa subira yako, na zaidi kwa ukaidi wako. Pumzika vizuri, wajukuu wakuchoshe kwa furaha tu, na siku zako zote ziwe njema.