Michel Mulonda, Aliyengoja Hadi wa Mwisho Afike

Tumekusanyika hapa Kasongo, leo Jumamosi tarehe 4 Oktoba 2025, kumsindikiza Michel Mulonda, fundi wa baiskeli, mume, baba na babu. Mengi ya maisha yake mliyaona kwa macho yenu, kwa hiyo atakayeongeza chumvi hapa atashikwa mara moja.

Marehemu alizaliwa Lusangi tarehe 14 Machi 1956, mtoto wa tatu wa mzee Placide na mama Marie, wakulima wa mpunga na mihogo. Alijua kuogelea kabla ya kujua kusoma. Alianza shule ya msingi ya misheni mwaka 1963 na kumaliza akiwa wa pili kwa hesabu. Sekondari aliisoma miaka miwili tu, maana mwaka 1971 baba yake aliugua na shamba likakosa mikono.

Mwaka 1979 alinunua baiskeli yake ya kwanza, chuma kizito chenye breki za kubahatisha, akaanza kubeba mawese na mchele kutoka Kasongo hadi Kabambare, na baadaye Salamabila kwa wachimbaji wa dhahabu. Vita vilipofunga barabara, alitulia mjini. Mwaka 1997 akafungua karakana sokoni. Hapo alitengeneza baiskeli za nusu ya watu waliosimama hapa leo, na baadhi yenu mnajua kwamba mlilipa kwa ahadi.

Tarehe 8 Agosti 1981 alifunga ndoa na Régina. Alipoleta mahari, mbuzi wa mwisho alikuja amefungwa nyuma ya baiskeli. Wakati wazee wakisalimiana, mbuzi yule alitafuna nusu ya shada la maua ya bibi harusi. Mama mkwe alinuna. Michel alitoka, akarudi na maua mengine aliyoyachuma mwenyewe, suruali imejaa matope hadi magotini. Mungu aliwajalia watoto wanne.

Sasa tuseme habari ya mbio, maana bila hizo hajasimuliwa.

Julai 2011, akiwa na miaka hamsini na mitano, Michel alikwenda kushindana katika mbio za kampuni kubwa, katika mji mmoja wa kando ya ziwa. Zilikuwa mbio za mambo matatu: kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia. Majini alifanya vizuri. Njiani akamkuta kijana amekatikiwa na mnyororo. Akashuka, akamtengenezea, kijana akaenda zake. Michel alipofika mwisho, alikuta mahema yanashushwa na mstari umeshakunjwa. Mtu mwenye kipaza sauti akamwambia, "Papa, mbio imekwisha. Rudia kwako." Namba yake haikuandikwa popote. Alirudi nyumbani siku nne njiani, na kwa wiki nzima hakutaka kuulizwa.

Kisha akaanzisha mbio zake mwenyewe. Jumamosi tarehe 23 Juni 2012 watu kumi na mmoja waliogelea ukingoni mwa mto Lualaba wakilindwa na mitumbwi, wakapanda baiskeli zao za kazi hadi mjini, wakamaliza kwa miguu mbele ya karakana. Hapakuwa na fulana wala medali. Mstari wa mwisho ulikuwa kikwembe, yaani kitenge, cha Régina, kimeshikwa huku na huku.

Régina alipokiona alipiga kelele: "Michel! Iko kikwembe yangu ya ndoa!"

"Ndiyo ile, mama. Mutu akifika, akute kitu ya heshima."

Sheria ilikuwa moja. Régina alishika ncha moja, na aliyefika wa kwanza alishika ya pili mpaka wa mwisho afike. Hakuna aliyekula kabla ya hapo, hata sombe, mboga ya majani ya mihogo, ikipoa. Halafu Michel aliuliza kwa sauti, "Wote wamefika?" Umati ukijibu "Wote!", ndipo kikwembe kilikunjwa. Wahenga walisema kutangulia si kufika. Yeye aliwafanya waliotangulia waone wenzao wakifika.

Mwaka 2014 Yassine, mchimbaji kutoka Salamabila, alishinda kabla ya saa nne asubuhi. Emilienne, muuza mikate ambaye mguu wake mmoja ulidhoofika tangu utotoni, alikuwa bado mbali. Saa nane mchana Yassine alilalamika, "Papa Michel, mukono inakufa."

"Basi shika na ule mwingine."

Emilienne aliingia saa kumi, analia na kucheka. Yassine alilia kuliko yeye. Tangu siku hiyo hajakosa mwaka hata mmoja, ingawa Salamabila si mlango wa pili.

Mwaka 2019 ilikuja kampuni. Ilitaka kuzihamishia mbio mji mkubwa, ilete lango la kujazwa upepo na muziki, na mstari ufungwe baada ya muda wa saa tatu. Pitchou, mtoto wa kwanza wa marehemu na katibu wa mbio, alikwisha kuwakubalia. Kwenye kikao baba yake aliuliza swali moja tu: "Saa tatu zikipita, nani atamungojea Emilienne?"

Pitchou alijibu mbele ya watu wote: "Papa, dunia haingojake mutu."

Akaondoka na kampuni ile, akahamia Kindu. Miaka sita hakukanyaga nyumbani, hata simu hakupokea. Kila Juni, watu walipojibu "Wote!", Michel alitazama barabara kidogo kabla ya kukunja kikwembe. Mkewe alijua anamtazamia nani. Iliuma, na hakuna sababu ya kuficha kwamba iliuma.

Machi 2024 shinikizo la damu lilimwangusha, upande wake wa kulia ukafa ganzi. Mbio za Juni mwaka huu alizitazama akiwa kitini. Alifariki Alhamisi tarehe 2 Oktoba, saa kumi na moja alfajiri, mkono wake ukiwa katika mkono wa Régina. Neno lake la mwisho lililoeleweka lilikuwa, "Musikunje bado."

Wazee walitaka azikwe jana. Régina alikataa, na kwenye karatasi mlizonazo aliagiza saa ya mazishi na jina la msomaji wa wasifu huu viachwe wazi.

Ameacha mjane, Régina, watoto Pitchou, Sonia, Blaise na Elsa, wajukuu tisa, na wote waliowahi kufika mbele ya karakana ile.

Hapo ndipo yanapoishia maneno yaliyochapwa, ambayo Sonia aliyaandika. Yafuatayo yameongezwa kwa kalamu na msomaji wenu. Leo saa tatu asubuhi Pitchou alishuka kwenye pikipiki, ametapakaa matope ya siku mbili. Uani alimkuta mama yake ameshika ncha moja ya kikwembe, na Yassine ameshika ya pili. Mama alimnyooshea ncha yake. Alisema, "Mwanangu, umefika. Kamata huku."

Msomaji wenu ni Pitchou. Katika aliyoyaandika dada yake hakufuta hata neno moja.

Papa Michel, wote wamefika. Tunakunja sasa. Pumzika kwa amani.