Neno Alilokuwa Akiliruka Mama

Mbele yangu kwenye teksi, basi dogo la abiria, ya kwenda Kansanga, mzee Fadhul, mwanajeshi mstaafu, alichukua karatasi ya maneno ya Kiingereza kutoka kwa msichana aliyeketi kando yake akaanza kumpima. Msichana huyo, Adoch, alikuwa akienda kufanya mtihani wa kuingia jeshini, na Kiingereza kilimtisha. Mzee alisoma kwa sauti ya gwaride, kwa hiyo tulipimwa sote. Adoch alijibu vizuri mpaka lilipofika neno “widow”.

“Hilo sijakariri,” alisema. “Mama hunipima kila jioni, lakini hilo huliruka.”

“Maana yake mjane.”

“Maana naijua, mzee. Baba alikuwa askari.”

Mzee alikunja karatasi. “Na mama amekubali uende?”

“Amekataa. Lakini leo amenipigia shati pasi.”

“Rudi nyumbani, mwanangu.”

“Wewe ulipoambiwa hivyo, ulirudi?”

Teksi ilisimama. Adoch akaichukua karatasi mkononi mwa mzee, akashuka.