Jibu Alilolingojea Yaya Paulin

Padri wetu, wazee wa familia, ndugu na majirani mliofika hapa Makomeno, mimi ni Léa Mumba, mdogo wake marehemu, kaka yangu mkubwa niliyemwita Yaya, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha yake, kazi niliyoikataa mara mbili, na sababu mtaisikia.

Paulin Mumba Kisimba alizaliwa hapa Lubumbashi tarehe 9 Juni 1994, mtoto wa kwanza wa mzee Edouard Mumba, fundi wa reli, na wa mama Virginie, ambaye ameketi mbele yenu. Alisoma shule ya msingi na ya sekondari hapahapa Makomeno, akapata diploma ya serikali mwaka 2012, na baba yetu alipofariki Februari 2014, Paulin aliingia kazini katika depo ya mzee Kakule, mfanyabiashara kutoka Kivu ya Kaskazini, kule Kenya, komini ya hapahapa mjini Lubumbashi, akisimamia upakiaji wa malori mchana, na kuanzia 2015 akisomea uhandisi jioni katika taasisi moja ya mjini, mara nyingi akifika darasani na unga wa mahindi kwenye nywele.

Mwaka 2017 alifanya mtihani wa kuhamia chuo kikuu kimoja cha Kinshasa kinachochukua wanafunzi wachache sana, na tarehe 28 Agosti barua ikafika kwamba amepokelewa, ila ajibu kabla Ijumaa ya tarehe 15 Septemba haijaisha. Mzee Kakule alimwambia aende, kazi ataikuta kila likizo, lakini Paulin alimuwaza mama, aliyekuwa tayari na ugonjwa wa sukari, akaogopa kwamba akimuuliza yeye mwenyewe, mama atakubali tu ili asimvunje moyo, hivyo alipotumwa Kasumbalesa, mpakani na Zambia, na malori wiki ile ya mwisho, aliniomba mimi nimuulize taratibu, nimpe jibu la kweli.

Nilimuuliza, na mama akanijibu palepale, akichambua mboga: "Umwambie aende, mi nitajikaza."

Alhamisi Paulin alipiga simu kutoka mpakani, nami nilikuwa na miaka kumi na saba, nikiogopa kubaki peke yangu na sindano za mama na mtihani wangu wa mwisho, nikamwambia, "Yaya, mama anapenda ubakie." Akauliza, "Alisema ye mwenyewe?" Nikajibu, "Ndiyo, ye mwenyewe." Nikasikia injini za malori, kisha akasema, "Basi, iko muzuri, nitabakia."

Hakumuuliza mama kamwe, kwa sababu hakutaka ajione kuwa ndiye aliyemzuia, na mama naye hakumuuliza, kwa sababu alidhani mwanawe ameiogopa Kinshasa, akamwonea huruma, na kwa miaka minane nilikula nao meza moja nikijua.

Paulin alimaliza masomo yake ya jioni mwaka 2020, akawa mkubwa wa depo, na tarehe 7 Agosti 2021 akafunga ndoa na Dorcelle, wakajaliwa watoto wawili, Merdi, aliyezaliwa 2022, na Graciella, aliyezaliwa 2024. Ni yeye aliyenisomesha uuguzi, akinipeleka shuleni kwa pikipiki yake kila asubuhi kabla ya kufungua depo, na kila nilipomshukuru nilitazama pembeni.

Mwezi wa tano mwaka huu wa 2025 figo zake zilianza kushindwa, na Jumanne tarehe 4 Novemba, nikiwa peke yangu naye hospitalini, nilimwambia yote. Aligeukia ukuta, na kesho yake aliniomba nimkate kucha, nikamkata, na nilipofika kidole cha mwisho akasema, "Umwambie mama, asibakie anawaza niliogopa." Nilisema nitamwambia, nikaahirisha Alhamisi, nikaahirisha Ijumaa, na Jumamosi tarehe 8, saa nne asubuhi, yaya wangu akafariki, akiwa na miaka thelathini na mmoja, nami sijui kama alinisamehe, maana hakusema, na mimi sikuthubutu kuuliza.

Nilimwambia mama Jumatatu, hapa matangani. Wageni walipoondoka akasema, "Soma na ile, bantu basikie." Alitaka watu wasikie, ndiyo maana nimesoma.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, mzee Kakule na wafanyakazi wote wa depo waliokuja na malori yao kubeba viti na maji, padri wetu na wanakwaya, na majirani wa Makomeno ambao hawakumwacha mama akae peke yake hata saa moja. Dorcelle, wifi yangu, mimi niko hapa, na Merdi na Graciella wakifikia umri wa kuelewa, nitawaeleza kwa kinywa changu kwamba baba yao alipokelewa, na kwamba hakuogopa.

Yaya Paulin, Mungu akupe pumziko lenye amani.