Ardhi ya Penrith Haikuwa na Kosa

Bwana apewe sifa, ndugu zangu, hata ninyi mnaosoma haya kwenye treni ya kutoka Penrith, hapa Sydney! Nina neno la kushuhudia kuhusu breki.

Nilinunua karavani kuukuu, ile nyumba ndogo ya kuvutwa na gari. Ndoto yangu ilikuwa moja: kumpeleka dada yangu Neema baharini akapumzike. Yeye ndiye aliyenilea. Tangu tufike Sydney ni nesi wa zamu juu ya zamu. Nikaipaka karavani rangi ya bluu, juu mpaka uvunguni, huku naimba.

Siku ya safari, kwenye mteremko, nikakanyaga breki. Gari likashika, karavani haikushika. Ikatusukuma kwa nyuma! Tulisimama kwenye taa, bado kidogo tuligonge basi. Dada alikuwa kiti cha nyuma na mwanawe. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Baraka, geuza. Mimi na mtoto hatupandi tena."

Jirani yangu, mzee wa Kiaustralia, akachungulia juu ya uzio. Nikamweleza kwamba breki za umeme za karavani zinashika kwa unyonge. Akajibu, "Bad earth, mate," akarudi kwenye nyanya zake.

Ndugu zangu, mimi nikaelewa ardhi mbaya! Kumbe uwanja huu ninapoegesha karavani una mambo, nikawaza. Nikafunga siku tatu. Nikauzunguka uwanja mara saba nikinyunyiza mafuta ya alizeti, maana ya zeituni yalikuwa yameisha. Jirani akanipungia mkono. Siku ya nne nikajaribu breki polepole, barabara ya nyuma. Unyonge ule ule.

Jumapili baada ya ibada nikamwambia Kaka Otieno, Mkenya, fundi umeme wa Seven Hills. Alicheka mpaka akavua miwani.

"Wewe! Umekemea nyasi siku tatu? Earth ni waya wa kurudishia umeme! Hata kwenu Tanzania si mnaiita ethi?"

Ethi naijua tangu utotoni. Sikujua kumbe ni Kizungu.

Otieno akaja na kipimo. Kwenye plagi ya kuunganisha gari na karavani umeme ulitosha. Kwenye magurudumu ulifika kidogo, sumaku za breki zikakosa nguvu. Akaingia uvunguni.

"Njoo umwone pepo wako."

Waya wa ethi ulikuwa umefungwa kwa bolti kwenye chuma, na kati ya waya na chuma palikuwa na rangi. Ya bluu! Niliufungua mwenyewe ili nipake vizuri, nikaurudishia juu ya rangi. Na rangi haipitishi umeme.

Tukakwangua kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, tukakaza. Tukaingia barabarani taratibu, Otieno akabonyeza kile kidude cha dashibodi kinachoshika breki za karavani peke yake. Ikatuvuta nyuma, gari likasimama. Haleluya!

Dada alikuwa amesimama mlangoni akitutazama. "Rudia," akasema. Tukarudia mara tatu. Akaingia ndani, nikajua amekataa. Akatoka na begi, na mtoto ameshika ndoo yake ya mchanga.

Namshukuru Mungu aliyetusimamisha pale kwenye taa. Hakungoja kwanza nijue Kiingereza! Na wewe uliyechoka kusukumwa, mtegemee Yeye. Omba, tena funga. Ila uliza kwanza: pengine kinachotakiwa kufungwa ni bolti.