Ngala na Kinywaji cha Baridi

Tarehe 31 Julai 1912, Bwana Ngala wa Menza anastaafu baada ya kuitumikia hoteli yetu ya Ndia Kuu kwa miaka kumi na minane. Aliingia kwa mlango wa nyuma akiwa mpagazi wa mizigo ya wageni, akapanda hadi kuosha bilauri, na mwishowe akakabidhiwa meza ya vinywaji. Mimi Zein, karani wa stoo, nimeombwa kuandika habari zake, ingawa kazi ya mikono yake siijui kwa ulimi. Naijua kwa pua, maana stoo yangu imepakana na meza yake.

Harufu yenyewe ni ya ramu iliyorowekwa majani. Rehani na mchaichai hayatwangi, asema yatakuwa machungu. Huyapiga kofi baina ya viganja, akayatia mtungini na mdalasini na kipande cha tangawizi, akafunika. Kesho yake huchuja, akakamulia ndimu na kutia sukari guru. Bi Mejumaa wa Bondeni, anayetuuzia rehani za kutungia vikuba vya maharusi, aliambiwa kuwa ni za kupambia meza. Bi Mejumaa, ukisomewa haya, usitununie, mezani zilifika.

Krismasi ya mwaka aliokabidhiwa meza, meneja mpya alikuwa hajamaliza mwezi tangu ashuke melini, na Kiswahili chake alijifunza njiani. Alimwagiza Ngala ramu ya majani kwa karamu, akasisitiza iwe kinywaji cha baridi. Alikusudia kile cha kwao, kinachonywewa kikifuka moshi wakati watu wanatetemeka kwa baridi. Ngala alisikia alichosikia kila mtu jikoni. Akauzungushia mtungi magunia yaliyoloweshwa maji, akauweka penye upepo, na kinywaji kikapoa barabara.

Meneja alipokuja kuonja, wageni wamekwisha kumiminiwa, uso ulimwiva. Akauliza moshi uko wapi. Ngala akamjibu kwa upole, "Si ulitaka cha baridi, Bwana? Hichi ni cha baridi." Akaamriwa avue aproni papo hapo. Nilimwonea huruma mno. Alikuwa na mkewe Dama na watoto wadogo, na kazi iliyomngoja ilikuwa kurudi kwenye upagazi na mgongo uliokwisha kuharibika. Akaikunja aproni vizuri, akaiweka juu ya kiti, akatoka kwa mlango ule ule alioingilia.

Lakini ilikuwa kaskazi, na wageni walikuwa wamelowa jasho ndani ya makoti ya sufu. Bilauri zilirudi tupu, kila mtu ataka nyingine. Meneja akatoka uani mwenyewe, aproni mkononi. Radhi hakuomba, ila alimfunga Ngala kamba za aproni kwa mikono yake, nasi tukitazama. Tangu siku hiyo kinywaji kikaitwa Cha Baridi, na wageni hukiulizia wangali bandarini.

Ngala tutamkosa sana. Hajapata kumnyima mtu chai, wala kumsengenya mgeni kabla hajaondoka.

Leo mvua inanyesha na baridi ni ya kweli. Jikoni wamechemsha sufuria ya majani yale yale, inafuka moshi, na ramu imewekwa kando kwa anayeitaka, ili nasi tusioigusa tunywe pamoja nawe kwa mara ya kwanza. Ahsante, Ngala. Rudi kwa Dama salama, siha isikupungukie, mgongo nao upumzike. Aproni ivue taratibu. Safari hii hakuna aliyekuamuru.