Gerishon Kuria Ng'ang'a, Mtu Aliyejua Eldoret Inakula Wapi (1961–2025)

Marehemu Gerishon Kuria Ng'ang'a alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 huko Othaya, Nyeri, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Ng'ang'a na marehemu Mama Wanjiru. Mwaka wa 1967 familia ilihamia Chepsaita, hapa hapa tulipokaa leo, ikiwa imepanda juu ya lori pamoja na magunia, mbuzi mmoja na kitanda. Walisimama Nakuru, baba yake akamnunulia mandazi. Kijana alitafuna, akafikiria, akasema, "Baba, hii mafuta ni ya jana." Alikuwa na miaka sita. Mama yake alisema siku ile ndio alijua huyu mtoto atasumbua watu.

Alisoma shule ya msingi hapa karibu mpaka darasa la saba. Vitabu havikumpenda sana, na yeye hakuvilazimisha. Siku moja mwalimu alimuuliza Kisumu iko wapi. Akajibu, "Ni kule kwa samaki, mwalimu." Alichapwa, lakini mpaka leo hakuna mtu amewahi kusema alidanganya.

Mwaka wa 1979 aliandikwa tandiboi, yaani utingo, kwa lori ya mahindi, baadaye akawa dereva. Mguu ulipoumia mwaka wa 1993 aliacha usukani, akawa broka wa mizigo pale steji ya malori, Uganda Road. Kazi yake ilikuwa kutafutia lori mzigo. Lakini dereva akishuka, awe ametoka Malaba ama Mombasa, swali la kwanza halikuwa mzigo. Lilikuwa, "Kuria, leo tunakula wapi?"

Na yeye alijua. Supu ya kichwa, nyuma ya soko, kabla ya saa nne. Ikipita hapo unakunywa maji ya moto. Mutura, ile soseji ya matumbo na damu, ngoja jioni, na usikule kwa mtu ambaye hana foleni. Mursik, maziwa lala ya Wakalenjin, nunua kwa yule mama wa vibuyu, ukiona imewekwa kwa chupa ya soda, msalimie na uende. Chai, panda gari mpaka Kesses kwa yule anachemsha maziwa bila kuyaogopa, wanafunzi watakuonyesha mlango. Akisema mahali ni pazuri, wiki hiyo hiyo mwenye hoteli anaongeza benchi. Akinyamaza, mwenye hoteli anaanza kuulizia shamba.

Kuna mwenye hoteli anaitwa Kinuthia, yuko hapa leo na atatusamehe. Alimwahidi chakula cha bure kila siku. Marehemu alimshika bega akamwambia, "Kinuthia, nikikula yako bure, nitasema ni tamu. Nikisema ni tamu, dereva atakuja. Akishakula, hatanisalimia tena. Sasa hapo nani amekula nani?"

Tarehe 5 Desemba 1987 alifunga ndoa kanisani Turbo na Maximilla, binti wa Mama Namalwa wa Kimilili, ambaye wakati huo alikuwa karani kwa duka ya mahindi. Mungu aliwabariki na watoto wawili, Ciru na Ng'ang'a, na nyumba Kapsoya ambayo ilikuwa na amani kabisa mpaka Mama Ciru akafungua hoteli.

Alifungua tarehe 3 Machi 2012, Jumamosi. Mchungaji aliomba, watu wakala, halafu marehemu, kama bwana wa nyumba, akaombwa aseme neno. Alisimama, akatoa kofia. "Wageni wetu, viti ni safi. Meza ni safi. Hata mwiko ni safi, sijui kama umefanya kazi. Kwa kuku, mtusamehe."

Watu walicheka. Mama Ciru hakucheka. Alikuwa ameacha kazi ya ukarani kwa sababu ya ile hoteli, na alitaka kitu kimoja tu: bwana yake, ambaye anajaza hoteli za wenyewe, amtumie hata dereva mmoja. Hakutuma. Benchi zilikaa tupu, mandazi zikalala na kuamka.

"Baba Ciru, unatuma watu kwa Kinuthia na mimi niko hapa?"

"Mama Ciru, kuku yako imeogelea, haijapikwa. Nikimtuma mtu hapa nimemkosea, na wewe nimekudanganya. Pika, nitatuma."

"Tuma, nitapika."

Hapo ndio vita ilianza. Sasa, kwa Wabukusu, watu wa Mama Ciru, firigisi ni ya mwenye boma. Mwanamke akikuwekea firigisi kwa sahani, amekuambia wewe ni mtu. Mama Ciru alikuwa amemwekea marehemu firigisi miaka yote ya ndoa, na marehemu, kama Mkikuyu mwema, alikuwa anaimeza bila kujua anasalimiwa. Sasa Mama Ciru akaitoa. Miezi ikapita. Siku moja marehemu akapindua vipande kwa sahani, akauliza, "Kwani kuku za siku hizi hazina firigisi?"

"Ni mbegu mpya," Mama Ciru akasema.

Na yeye akaamini. Alienda steji akatangazia madereva kwamba kuna kuku mpya imeingia Eldoret, haina firigisi. Alienda mpaka kwa duka ya dawa za mifugo kuuliza kama hiyo mbegu inataga. Ni shemeji yake Wasike, ndugu ya Mama Ciru, alikuja Eldoret kununua mbolea, akasikia hiyo hadithi kwa steji, akakaa chini kwa lami akicheka.

"Shemeji, umevuliwa cheo na hujui! Hiyo firigisi inaliwa na paka!"

Marehemu alirudi Kapsoya akitembea haraka kuliko mguu wake. "Mama Ciru, nipatie firigisi yangu."

"Ilienda na madereva wako."

Mama Namalwa akaitwa kutoka Kimilili aje aamue. Kwa mila yao, mama mkwe na mkwe hawakai pamoja, hata macho hayafai kukutana. Kwa hivyo marehemu alikaa mbele kwa meza, mama mkwe akakaa jikoni nyuma ya pazia, na Mama Ciru akabeba maneno kati yao kama mtu wa posta. Mama Namalwa alionja ile kuku. Halafu akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "Enda umwambie mkwe wangu hajakosea. Na wewe, nani alikufundisha kuharakisha jogoo?"

Mama Namalwa alikaa mwezi mzima, na kwa huo mwezi marehemu alikuwa anaingia kwake kwa mlango wa nyuma. Mama Ciru alirudi shule, mwalimu akiwa mama yake. Alijifunza kubanika kuku kwa moshi kwanza, kuiacha ichemke polepole, kusonga ugali mpaka itoe jasho. Alilia na moshi, akalia na hasira, na hakuacha.

Alhamisi, tarehe 21 Agosti 2014, marehemu alikula chakula ya mchana hapo kwa hoteli ya bibi yake. Hakusema kitu. Aliongeza supu. Akaongeza tena. Alivaa kofia, akatoka, na Mama Ciru akaingia jikoni akapiga sufuria teke.

Kabla sufuria ioshwe, barabara ya Kapsoya ilikuwa imefungwa. Trela mbele, trela nyuma, boda boda zinapiga honi, madereva wanashuka wakipangusa mikono. Wa kwanza kuingia alikuwa Kiptoo, dereva wa mafuta, jitu la watu.

"Wewe ndio Mama Ciru? Tumetumwa na Kuria. Amesema tukipita Eldoret bila kuanza hapa, tusiwahi kumsalimia."

Mama Ciru alishika mlango. Halafu akapiga kelele ambayo Kapsoya inaikumbuka: "Leteni kuku!" Walikula mpaka viti vikaisha, wengine wakala wakiwa wamesimama. Jioni marehemu aliporudi alipata sahani yake imefunikwa, na firigisi imekaa juu, peke yake, kama chifu.

Tangu siku hiyo hoteli haijawahi kukosa lori nje.

Mwaka wa 2022 alipatikana na ugonjwa wa sukari. Daktari alimkataza vingi, na alitii, lakini hakuna aliyemkataza kunusa. Alikuwa anakaa mlangoni mwa hoteli akinusa na kusema, "Mama Ciru, hiyo iko sawa." Alitibiwa Eldoret mpaka Alhamisi tarehe 9 Januari 2025, alipotuacha kwa utulivu, Mama Ciru akiwa amemshika mkono.

Amemwacha mjane wake Maximilla, watoto wake Ciru na Ng'ang'a, mkaza mwana Lynette, wajukuu watatu, mama mkwe wake Mama Namalwa, ambaye leo amekaa upande ule mwingine wa hema kama mila inavyotaka, akilia kwa sauti, shemeji Wasike, na madereva wengi, ambao malori yao mmeyaona kutoka hapa mpaka barabara kuu.

Mama Ciru amesema hoteli inafunguliwa Jumatatu. Msiulize tena kama chakula ni kizuri. Aliyekuwa anasema amesema.

Mungu ampatie Gerishon pumziko, na amani ikae karibu naye. Na kama ile karamu tunahubiriwa kanisani iko, basi malaika wapike vizuri, kwa sababu huyu hatanyamaza.